Uwanja mkubwa unalisha nani? Swali la Sange kabla ya kupiga makofi

Mwezi wa nane wa 2025 sine za Sange zilijaa tena. CHAN ilichezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na vijana wetu walilipa franga zao kuingia katika vyumba vyenye joto, benchi za mbao na televisheni moja ukutani. Tarehe 3 Agosti Leopards walipofungwa 1-0 na Kenya pale Kasarani, Nairobi, watu walitoka wakigombana juu ya kocha, kama kawaida. Halafu wakarudi kwa mechi iliyofuata.

Mtu wa Sange hawezi kuona sine iliyojaa bila kukumbuka tarehe 2 Julai 2010. Ilikuwa siku ya robo fainali za Kombe la Dunia kule Afrika Kusini: Brazil na Uholanzi, kisha Ghana na Uruguay. Kamioni ya esanse ilianguka hapa kwetu, kando ya barabara ya kitaifa namba 5. Esanse ikaanza kumwagika. Wengine walikimbia na vidumu na mabeseni kuchota, wengine walikuwa ndani ya sine wakiangalia mpira, hawakujua kitu. Moto ulipolipuka ulichukua wote, pamoja na nyumba za udongo na majani zilizokuwa karibu. Watu zaidi ya 230 walikufa, wakiwemo makumi ya watoto, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu hawakutambulika tena.

Tunaanza hapo makusudi, kwa sababu tunataka kusema juu ya viwanja vya michezo na pesa. Siku ile, Afrika Kusini ilikuwa inaonyesha dunia viwanja 10, vingine vipya kabisa. Ule wa Cape Town peke yake uligharimu zaidi ya randi bilioni 4. Sisi tulikuwa tunaviangalia kutoka chumba chenye mlango mmoja, pembeni ya barabara ambamo kamioni za esanse zinapita. Kila mara mwanasiasa anaposimama mbele yetu na kusema atatuletea uwanja wa kisasa «ili uchumi wa eneo uamke», inafaa kuviweka vile vitu viwili pamoja kichwani.

Ahadi hiyo inapendwa sana. Inapiga picha nzuri. Barabara ikitengenezwa, watu wanaipita tu na kusahau nani aliitengeneza. Uwanja unabeba jina. Vijana wanashangilia hata kabla ya jiwe la kwanza. Na hoja inayokuja nyuma yake inaonekana ya akili: watu watakuja kutoka Luvungi, Luberizi, Kiliba, hata Uvira, watakula, watakunywa, watapanda motari, watalala, kila mwenye biashara atapata kitu.

Tujaribu hoja hiyo kwa mfano wa mfuko wa mtu mmoja. Baba mmoja wa Sange ana franga 5,000 za kutumia Jumapili. Kukiwa na mechi, ataingia kwa 500, atanunua karanga, atakunywa chupa moja, atapanda motari kurudi nyumbani. Bila mechi, je, zile 5,000 zingekaa mfukoni? Hapana. Angenunua ndagala, angekaa na marafiki zake kwenye kasiksi, angelipa unite ya simu, angemtumia mtoto daftari. Mechi haikuzaa franga mpya. Imeitoa kwa mama muuza ndagala na kuipeleka kwa mtu wa mlangoni. Muuza ndagala hatahesabiwa siku ya sherehe, kwa sababu hakuna anayepiga picha ya beseni ambalo halikununuliwa.

Franga inaongezeka katika mji pale tu inapotoka nje na kuingia ndani, kisha ikalala humo. Watu wa Kiliba wanalijua jambo hili kuliko profesa yeyote. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilipokuwa kinafanya kazi, sukari ilitoka na mshahara uliingia, na huo mshahara ndio uliolisha masoko ya bonde lote. Kilipofungwa katika miaka ya 1990, wazee wetu hawakuhitaji takwimu kuona tofauti. Uwanja unaochezwa siku moja kwa wiki, na watu walewale wa palepale, hauwezi kufanya kazi ya kiwanda, hata ukiwa na viti vya rangi.

Kuna pia pesa inayoingia na kutoka siku hiyohiyo. Franga ya mandazi, ya mahindi ya kuchoma, ya parachichi, inabaki Sange, kwa sababu unga umesagwa hapa na mama anaishi hapa. Franga ya bia inapanda kamioni na kurudi kwa kampuni. Uwanja mkubwa unapenda kampuni. Wenye mikataba ndio wanaouza ndani, na wamama wanafukuzwa nje ya ukuta, wakati mwingine kwa fimbo.

Wamarekani wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao ndio wanaowajengea matajiri wa timu viwanja kwa kodi ya raia. Huko, klabu za huduma kama Rotary, ambayo ilizaliwa Chicago mwaka 1905 na ambayo hata Bukavu na Goma wanaifahamu, hukutanisha wafanyabiashara, walimu na waganga wa mji mezani, na kumwita mtu mwenye ujuzi aje kuwaeleza jambo. Viwanja ni mada inayorudi mara kwa mara katika mikutano ya namna hiyo, na mchumi anayealikwa mara nyingi anawaharibia chakula. Mwaka 1997 wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walitoa kitabu kikubwa juu ya viwanja vya timu za kulipwa, na jibu lao lilikuwa kavu: hawakuona uwanja ulioukuza uchumi wa mji wake kwa kiasi cha maana. Waliofanya utafiti baada yao, kwa zaidi ya miaka 20, wamerudi karibu na jibu lilelile.

Mji wa St. Louis ndio mfano unaouma. Walijenga uwanja wenye paa, ukafunguliwa 1995, ili kuvuta timu ya kulipwa. Rams walikuja kutoka Los Angeles. Mwaka 2016 mwenye timu aliirudisha Los Angeles, na raia wa St. Louis waliendelea kulipa deni la uwanja ambao haukuwa tena na timu. Hao ni watu wenye benki, mahakama na wanasheria.

Karibu na sisi, Afrika Kusini imebaki na viwanja ambavyo miji inavilisha kila mwaka badala ya kulishwa navyo. Cape Town walifika mahali pa kujadiliana kama ule uwanja wao ubomolewe. Kule Nelspruit, uwanja wa Mbombela wenye nafasi zaidi ya 40,000 ulijengwa mahali palipokuwa na shule. Watoto wakahamishiwa vyumba vya muda, wakaandamana wakidai shule waliyoahidiwa. Mechi za Kombe la Dunia zilizochezwa pale zilikuwa 4.

Mwaka 2025 Nairobi ilikuwa inajenga uwanja wa Talanta wa watu 60,000 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, kwa pesa iliyokopwa kwa wawekezaji: shilingi za Kenya karibu bilioni 45. Arusha nao walikuwa wanajenga, Hoima pia. Hatuwaombei mabaya majirani. Kenya ina hoteli, ina ndege, ina watalii. Labda wao watafanikiwa kupunguza hasara. Lakini mtu akituonyesha picha za Talanta na kusema «na sisi tunaweza», tumuulize hoteli zetu ziko wapi.

Kwetu Kongo, historia ya viwanja ni historia ya majina. Mwaka 1974 Mobutu aliwalipia Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja ili wapigane Kinshasa, na dunia ikajua neno Zaire. Deni la miaka ile lilikuja kulipwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Baadaye Wachina walijenga uwanja mkubwa wa watu 80,000 hapohapo Kinshasa, na Mobutu akauita Kamanyola. Ndiyo, Kamanyola yetu, ile ya kaskazini mwa bonde hili, ambapo jeshi lake lilipigana na waasi mwaka 1964. Aliita Kamanyola uwanja, akaita Kamanyola kikosi cha jeshi, akaita Kamanyola meli yake ya starehe. Mwaka 1997 uwanja ulibadilishwa jina, ukawa Stade des Martyrs. Kamanyola yenyewe, wakati wote huo, ilibaki na vumbi lake na daraja lake juu ya Ruzizi.

Mnamo 2023, Michezo ya Francophonie ilichezwa Kinshasa kwa siku 10. Makadirio ya mwanzo yalikuwa chini ya dola milioni 50. Gharama zilizokuja kutajwa na serikali zilipita milioni 300. Tunakubali, kuna majumba ya michezo yaliyobaki na yanatumika. Lakini hebu mtu aulize Sange, Luvungi au Mutarule walipata nini katika zile siku 10.

Kuna uwanja mmoja Kongo ambao unastahili heshima katika mjadala huu, nao ni wa TP Mazembe, Kamalondo, Lubumbashi. Ulifunguliwa 2011, unachukua watu karibu 18,000. Haukuwa uwanja wa ndoto. Timu ilikuwepo kwanza, ilikuwa na mashabiki, ilikuwa imechukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010 na kufika fainali ya dunia ya vilabu dhidi ya Inter Milan. Ndipo klabu ikajenga nyumba ya kipimo chake. Wengi wetu tunataka kuanza na nyumba halafu tutafute mke.

Na tukifika mwaka 2025, jambo lilikuwa la ajabu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka serikali yetu iliandikia Arsenal, Bayern na Paris Saint-Germain kuwaomba waache matangazo ya «Visit Rwanda», na sisi wa mashariki tuliunga mkono, kwa sababu tunajua vita hivi vinatoka wapi. Halafu katikati ya mwaka Kinshasa yenyewe ikasaini na AS Monaco, na AC Milan, na mwisho wa mwezi wa saba na FC Barcelona. Huo wa Barcelona uliripotiwa kuwa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4, na jina la nchi yetu likapangwa kukaa mgongoni mwa nguo za mazoezi. Barcelona ni klabu ambayo mwaka 2025 ilikuwa inaujenga upya uwanja wake wa Camp Nou kwa mkopo wa euro bilioni 1.45. Kwa maneno ya sokoni: Kongo inachangia kuinua klabu yenye uwanja, wakati vijana wa Sange wanachezea mawe.

Watetezi wanasema ni utalii, ni sura ya nchi. Sawa. Mtalii anayeshawishika na fulana ya Barcelona atapita njia gani kufika Sange? Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23, na Kamanyola pia. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira. Barabara yetu ya kwenda Bukavu, ambayo mama wa mihogo na mchele walikuwa wanaitegemea, ilikatika.

Hapo msomaji anaweza kutukatiza: kama kuna vita, kwa nini kuzungumza juu ya mpira? Swali ni la haki. Jibu letu liko ng'ambo ya mto. Februari na Machi, watu wa bonde walipokimbia, wakivuka Ruzizi kwa mitumbwi na wengine kwa miguu, na wengine wakazama, makumi ya maelfu kati yao walilala Rugombo, mkoa wa Cibitoke, Burundi. Walilala wapi? Katika uwanja wa mpira. Uwanja wa wazi, bila paa, mvua ikinyesha, vyoo vichache. Jirani zetu na ndugu zetu walipikia na kuugua palepale kwenye majani, na wengine walijifungulia huko.

Waliopita Rugombo wanajua kwamba kiwanja cha umma si starehe tu. Ni mahali pekee pakubwa, pa tambarare, pasipo na mwenyewe, ambapo mji unaweza kukusanyika: kwa mpira, kwa chanjo, kwa mkutano, kwa misa kubwa, kwa msiba, na siku mbaya, kwa kukimbilia. Mahali kama hapo pakiwa na maji na vyoo, panaokoa watu. Pakiwa na vumbi tu, panaua kwa kuhara.

Kwa hiyo hatusemi Sange isipate kitu. Tunasema ipate kitu cha kipimo chake, na hesabu ifanyike mbele ya watu. Tufanye moja hapa. Chukua mechi nzuri, watu 1,000 wanalipa franga 500. Ni franga 500,000, chini ya dola 200 kwa bei ya Agosti 2025. Mechi 30 kwa mwaka zinatoa karibu dola 5,000. Toa mshahara wa mlinzi mmoja, toa chokaa, nyavu, mipira, ukarabati wa choo, waamuzi. Kinachobaki kinaweza kulea kiwanja chenye ukuta wa tofali, mlango, benchi za saruji upande mmoja, kisima na vyoo. Hakiwezi kulea jengo la ghorofa lenye taa ambazo jenereta yake inakunywa mazuti kila usiku. Na kama unataka kujua ukubwa wa ule mkataba wa Barcelona: kwa mapato hayo ya mlangoni, Sange ingecheza mechi mbili kila siku kwa zaidi ya miaka 80 ili kufikisha pesa ya mwaka mmoja tu wa mkataba ule.

Kiwanja kidogo cha namna hiyo hakitatajirisha mji, na asije mtu akatudanganya. Hata ile hadithi kwamba mpira unamtoa kijana porini tuiseme kwa sauti ya chini. Kijana anatoka porini akipata kazi na usalama, si akipata nyavu. Lakini kuna mambo mawili ambayo kiwanja kidogo kinaweza kufanya na uwanja mkubwa hauwezi. Kwanza, wamama wanaweza kupewa nafasi ya kuuza ndani ya ukuta, meza zao zikiwa na namba, kwa ushuru mdogo unaojulikana, badala ya kufukuzwa. Hapo franga inayozunguka siku ya mechi inalala kwa watu wa hapa. Pili, na hili kwetu ni deni la marehemu: pembeni ya kiwanja kunaweza kujengwa chumba cha kuangalia mpira, cha tofali, bati juu, paneli ya jua, milango miwili inayofunguka kwa nje, mbali na barabara ya kamioni. Haiingii akilini kwamba mwaka 2025, miaka 15 baada ya 2010, bado tulikuwa tunaangalia Kombe tukiwa tumepangwa kama sambaza katika chumba chenye mlango mmoja, hatua chache kutoka barabara ileile.

Nani ataitisha mkutano wa kuzungumza haya? Hatuna klabu ya watu wa tai inayokula pamoja kila wiki. Lakini tuna likelemba za wamama, tuna vyama vya wamotari, tuna parokia na makanisa, tuna shirika la kiraia, tuna walimu ambao wanajua hesabu hata kama mshahara unachelewa. Hao wakikaa barazani siku moja, na mheshimiwa akaitwa aje na ahadi yake, maswali si magumu. Pesa inatoka wapi, na ikikopwa, nani analipa? Fundi na tofali vitatoka hapa au vitakuja na kontena? Siku 300 ambazo hakuna mechi, nani analipa mlinzi? Mapato ya mlangoni yatabandikwa ukutani kila mwezi ama yataandikwa katika daftari la mtu mmoja? Mheshimiwa akikasirika kwa maswali hayo, jibu limepatikana.

Na kuna swali moja ambalo halingoji mheshimiwa. Katika miji mingi ya Kongo, viwanja vya umma vimekatwa vipande usiku na kuuzwa kuwa parseli. Unaamka unakuta msingi wa nyumba katikati ya goli. Viwanja ambavyo watoto wa Sange wanachezea leo, vile vya shule, vya parokia na vya mtaa, vina karatasi? Jina gani limeandikwa juu yake? Ofisi ya ardhi iko Uvira, na Agosti 2025 barabara ya Uvira ilikuwa bado inapitika.